Tumbo la Kikombe cha Kahawa: Kujifunza Kula Upya Baada ya Upasuaji



Leo nakusudia kuzungumzia jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa kunong'ona. Ni habari ya wale ambao, kwa ushauri wa madaktari, wamepasuliwa matumbo ili wapunguze uzito, kisha wakarudi nyumbani kwa watu wasiojua wawalishe nini wala wawaambie nini.

Nitakayoyasimulia ni ya mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Nimeyaandika kwa idhini yake, kwa masharti mawili. La kwanza, nisimtaje jina. La pili, nisilifiche kosa nililolitenda mimi mwenyewe. Nimeyakubali yote mawili.

Uzito na huzuni

Mpwa wangu alizaliwa na kulelewa Mombasa, akaolewa Kitui katika familia ya Waislamu wa Kikamba. Mumewe ni mfanyabiashara wa nafaka, mtu mpole na mcha Mungu. Miaka ya mwanzo binti alikuwa wa kadiri. Kisha mamake akafariki, naye akiwa mbali na nyumbani, akaanza kula usiku watu wakiwa wamelala. Aliniambia baadaye: "Mjomba, sikuwa na njaa. Nilikuwa natafuta ladha ya jikoni kwa mama."

Alipotimiza miaka 37 alikuwa na kilo 131. Alikuwa na kisukari na shinikizo la damu, na magoti yake yalikataa kabisa kusujudu, hata akawa anaswali juu ya kiti. Alijaribu kupunguza chakula na kutembea kwa miaka miwili. Kilo zikishuka kumi, zilirudi kumi na tano. Ndipo daktari wake wa Nairobi alipomweleza habari ya upasuaji.

Msimdhanie kuwa yuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu nchini Kenya, wa umri wa miaka 15 hadi 49, ana uzito uliozidi kiasi. Ni jambo lililo ndani ya nyumba zetu, kwenye mahamri yetu ya asubuhi na chai yetu ya sukari vijiko vitatu.

Hukatwa nini?

Aina zitumikazo zaidi ni mbili. Katika ya kwanza, daktari huondoa kama robo tatu ya tumbo au zaidi kidogo, akabakisha kifuko chembamba chenye umbo la ndizi. Katika ya pili, hutenga kijifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, kiasi cha yai la kuku, akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Mpwa wangu alifanyiwa hii ya pili, kwa sababu ya kisukari chake.

Mimi, ili nipate kufahamu, hulifikiria tumbo hilo jipya kwa kipimo cha kikombe chetu kidogo cha kahawa, kile tunyweacho barazani. Mtu aliyezoea sahani ya pilau iliyofurika sasa ana nafasi ya kikombe hicho, wala hakijai.

Kwa hiyo chakula hurudishwa kwa daraja. Siku za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa, funda kwa funda. Kisha hufuata vyakula vya majimaji kama maziwa na uji mwepesi, hadi kama wiki mbili. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyopondwa vikawa laini kama cha mtoto mchanga. Wiki ya tano na ya sita ni vyakula vyororo. Baada ya hapo ndipo mtu hurudi pole pole kwenye chakula cha kawaida, akijaribu kimoja kimoja. Kila daktari ana mpangilio wake, na wa kufuatwa ni wa yule aliyempasua mgonjwa.

Kosa langu

Alipasuliwa Mfunguo Tano. Sisi, mimi na mke wangu, tulikwenda kumjulia hali Mfunguo Nane. Tulipanda treni Mombasa, tukashuka kituo cha Kibwezi katika kaunti ya Makueni, kisha tukashika barabara ya Mutomo hadi Kitui. Tulipofika tulipokewa kwa furaha isiyo kifani.

Mama mkwe wake, mwanamke wa makamo ya miaka sabini, alikuwa amechinjiwa mbuzi na kupika muthokoi, ile pure ya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, chakula cha heshima cha Wakamba. Mpwa wangu aliketi nasi. Akachukua kijiko kidogo, akatafuna kwa muda mrefu sana, akachukua cha pili, kisha akaisogeza sahani.

Mama mkwe akainamisha uso. Akasema kwa upole uliokuwa mzito kuliko ukali: "Sheikh, mimi nilikuwa mtoto katika njaa ya 1961. Leo mwanangu amelipa pesa nyingi ili asile. Nifahamishe."

Msomaji wa pwani huenda asilielewe neno lile mpaka aijue nchi ile. Ukambani njaa zina majina kama watu. Ile kubwa ya mwishoni mwa karne ya 19 huitwa Ngomanisye. Hiyo ya 1961 wazee huikumbuka kwa jina la Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, kwa kuwa chakula cha msaada kilidondoshwa kutoka angani. Kwa aliyepitia hayo, mtu anayesukuma sahani ni mtu anayelikufuru tonge.

Nami nilitaka kumtuliza mama wa watu. Nikamgeukia binti nikasema: "Mwanangu, tonge moja tu la nyama kwa heshima ya mzazi wako."

Alinitazama. Hakujibu. Alichukua nyama, akaila kwa haraka kwa sababu macho yote yalikuwa juu yake, akameza na maji. Haikupita dakika tano akashika kifua, akatoka nje. Tulimsikia akitapika nyuma ya nyumba. Mke wangu alimfuata. Aliporudi aliniambia kwa sauti ya chini: "Unajua ulilolifanya?"

Sikujua, na hilo ndilo kosa. Nilitumia cheo cha mjomba na kilemba cha sheikh katika jambo nisilo na elimu nalo. Ilinibidi kumwomba radhi mbele ya wote, kama nilivyomkosea mbele ya wote.

Hekima ya mama mkwe

Usiku ule mpwa wangu, mara ya kwanza, alimweleza mkwewe kila kitu. Alimwambia kwamba tumbo lake limekuwa kama la mtoto aliyezaliwa jana, na kwamba analifundisha upya kazi yake. Mama yule alinyamaza kwa muda, kisha akasema jambo ambalo hakuna kitabu changu kilichowahi kunifundisha. Alisema kwamba wakati wa njaa, mtu aliyeshinda siku nyingi bila kula hakupewa muthokoi akasherehekea. Walioupata wasia wa wazee walimpa uji mwepesi, kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwa sababu aliyeshiba ghafla aliweza kufa. "Kumbe ni hivyo?" akasema. "Basi hilo nalijua."

Na ni kweli. Madaktari nao wanakiri kwamba mwili uliokaa na njaa ndefu huhatarishwa na chakula kingi cha ghafla. Mama yule hakusoma hayo popote. Aliyaona.

Tangu siku ile alilichukua jiko mkononi mwake. Alianza na pojo, zile ambazo Kitui huitwa ndengu na ambazo kaunti ile ni miongoni mwa zinazoongoza kuzilima. Huziloweka usiku, huzichemsha mpaka zipasuke, huziponda kwa mwiko na kuzitia chumvi kidogo na kitunguu kilichoiva sana. Baadaye zikafuata mbaazi zilizopondwa, yai la kuchemsha laini, samaki asiye na miiba, maziwa ya mgando, na kuku wa kienyeji aliyechemshwa hata akaachana na mfupa. Muthokoi umengoja karibu mwaka mzima, na hata leo hula vijiko viwili tu.

Mambo ambayo jiko liyajue

Nimeyakusanya haya kutokana na maelekezo aliyopewa mpwa wangu na yale niliyoyauliza kwa madaktari, ili atakayeyahitaji ayapate mahali pamoja.

Kwanza, kijenga mwili kitangulie. Mgonjwa hutakiwa kupata kama gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, na kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama gramu 8. Fanyeni hesabu mwone ugumu wake kwa mwenye tumbo la kikombe cha kahawa. Akianza na wali, nafasi imekwisha. Kwa hiyo huanza na yai, samaki, kuku au pojo, kisha mboga, na wali huja mwisho ukipata pa kukaa.

Pili, maji na chakula visikutane. Huacha kunywa kama nusu saa kabla ya kula, na hungoja nusu saa nyingine baada yake. Katikati ya siku hunywa funda kwa funda, mpaka itimie kama lita moja na nusu.

Tatu, tonge liwe dogo na litafunwe mpaka liwe uji. Mpwa wangu hula kwa kijiko cha chai, na mlo wake mdogo huchukua nusu saa. Mkaribishaji asimharakishe.

Nne, sukari ni mtihani. Kwa aliyepasuliwa kama mpwa wangu, kitu kitamu hushuka haraka kwenye utumbo. Moyo humwenda mbio, jasho humtoka, kichwa humzunguka na tumbo humwendesha. Wifi yake aishiye Wote, kaunti ya Makueni, alimletea sharubati ya maembe mazuri ya kwao, na mwingine akamletea asali ya Mwingi akisema asali ni dawa. Kweli asali ina baraka na tumefundishwa kuithamini, lakini dawa ina kipimo na ina mgonjwa wake. Kipande kidogo cha embe bivu kilichotafunwa kilimfaa, gilasi ya sharubati haikumfaa.

Tano, vitamini ni za maisha. Madini ya chuma, chokaa ya mifupa, vitamini D na B12 hupungua sana baada ya upasuaji huu, na damu hupimwa kila baada ya muda. Vidonge vya chuma havinywewi pamoja na vya chokaa, wala na chai. Wengine wameniuliza kuhusu vidonge vya ganda laini vilivyotengenezwa kwa jelatini. Mwulizeni mfamasia asili yake, kwani mara nyingi kuna vidonge vya kawaida visivyo na shaka.

Sita, dawa nyingi za maumivu tunazozinunua madukani kiholela, kama ibuprofen na diclofenac, zaweza kumtia vidonda katika kijifuko kile. Asimeze bila kuuliza.

Saba, nywele zaweza kupukutika mwezi wa tatu hadi wa sita. Aghlabu hurudi. Kina mama wa saluni wamwonee huruma, wasimtangaze.

Nane, wanandoa wajue kwamba uzazi waweza kurudi kwa nguvu baada ya uzito kushuka, na madaktari hushauri mimba ingoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Waulize njia inayofaa, kwa maana vidonge vya kumeza huenda visitegemewe baada ya upasuaji wa aina hii.

Na akitapika siku baada ya siku, akashindwa kuhifadhi hata maji, au akaanza kuyumba, kuona vitu viwili viwili au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda amepungukiwa na vitamini B1, na kuchelewa kwaweza kumwachia madhara ya ubongo yasiyoondoka.

Ramadhani ya kwanza

Ramadhani ilipoingia, miezi saba ilikuwa imepita. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mwaka ule asifunge. Alimwitikia. Lakini mtaani maneno yalikuwa yameshazaliwa. Wengine walisema kupungua kule ni ule ugonjwa. Wengine walisema amekata tumbo ili apate kisingizio cha kutofunga. Basi akafunga kwa siri ya daktari, kwa kuwaogopa watu.

Siku ya nne, wakati wa kufuturu, aliona haya kuonekana tofauti. Alikula tende tatu, akanywa gilasi ya sharubati, akatia na kaimati mbili. Baada ya kama dakika ishirini alikuwa amelala sakafuni upande wa wanawake msikitini, akitetemeka, moyo ukimpiga kama ngoma. Mumewe alinipigia simu baada ya tarawehe. Binti akaichukua simu akasema: "Mjomba, watu watasema nini nikila mchana?"

Safari hii sikuharakisha. Nilimwuliza: "Daktari alikuambiaje?" Aliponieleza, nilimwambia kwamba Mola aliyeifaradhisha saumu ndiye aliyempa mgonjwa ruhusa ya kuiacha na kuilipa siku nyingine, na kuikataa ruhusa hiyo kwa kuwaogopa majirani si uchamungu. Mwili ni amana. Sahaba Salman Al-Farsi alimkumbusha nduguye Abu Dardaa kwamba nafsi nayo ina haki juu ya mtu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsadikisha Salman.

Hukumu yake, enyi wasomaji, ni hii. Mwenye ugonjwa unaotarajiwa kupoa, au aliye katika muda wa kupona kama huyu, hula na kulipa siku zake atakapoweza. Asiyetarajiwa kuweza tena maishani hutoa fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Na ajuaye kama anaweza au hawezi ni tabibu mjuzi na mgonjwa mwenyewe, si baraza la kahawa.

Alilipa siku zake baada ya daktari kumruhusu, mbili mbili kwa juma, katika miezi ya baridi ya Kitui. Ramadhani iliyofuata alifunga yote. Hufungua kwa funda la maji na kipande cha tende, huswali magharibi, hula yai au pojo, hupumzika, hunywa kidogo kidogo hadi usiku, na daku haikosi.

Je, yafaa kwa kila mtu?

Yule wifi wa Wote alinijia akaniuliza kama naye anaweza kupasuliwa, kwa kuwa harusi ya mwanawe imekaribia na gauni linambana. Nilimjibu kwamba kujitibu kumeamrishwa, na mafaqihi wengi wa zama zetu wameuruhusu upasuaji huu kwa mwenye maradhi au uzito wa kuhatarisha uhai, ikiwa njia nyepesi zimeshindwa na tabibu mwaminifu ameona manufaa yazidi madhara. Ama kuukata mwili mzima kwa ajili ya gauni, hilo silioni lina uso. Alicheka, akaenda kulipanua gauni.

Wala asidhani mtu kwamba kisu humaliza kazi. Mpwa wangu alipata majuma ambayo alilia mbele ya sahani, kwa sababu chakula kilikuwa mfariji wake na mfariji ameondoka. Huzuni ya mamake ilikuwa palepale. Ilimbidi azungumze na mshauri wa mambo ya nafsi, na azungumze na sisi jamaa zake, ambao miaka yote tulimpelekea halua badala ya kumpelekea masikio. Mtume alitufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Mafunzo hayo ni ya kila mmoja wetu, wala hayangoji daktari.

Mwezi uliopita alikuja Mombasa kwenye harusi. Sinia la biriani liliwekwa, watu wanne wakalizunguka. Shangazi mmoja akamwambia: "Kula mwanangu, mbona hivi?" Nilikuwa mlangoni, nikataka kuingilia. Hakunihitaji. Alitabasamu, akasema: "Nakula shangazi, ila nakula pole pole." Akachambua kipande cha nyama kiasi cha ukucha, akakitafuna kwa raha zake. Ilipoadhiniwa laasiri alinyanyuka na wenzake. Mke wangu aliniambia kwamba aliswali kwa miguu yake, akasujudu mpaka kipaji cha uso kikagusa mkeka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu, awape familia zao subira, na azizuie ndimi zetu zisiwadhuru. Wabillahi tawfiq.